Kiwanda Kilichogeuzwa Mlima

Ukisikia kwamba kuna watu wanaofunga baiskeli za milimani nyuma ya gari, wanaendesha kwa saa mbili tatu kwenye barabara yenye theluji, kisha wanalipa kiingilio ili wazunguke ndani ya jengo kuukuu la kiwanda mpaka usiku, utasema wanakimbia baridi. Baridi ina sehemu yake, na tutaieleza. Lakini baridi huwaleta mara ya kwanza tu. Kinachowarudisha ni mbao. Rampu ya mbao, yaani kipandio cha kurukia, haibadiliki: mdomo wake, ule ukingo wa juu unaokurusha, ulioupanda saa moja jioni ni uleule utakaoupanda saa moja na dakika mbili, pembe ileile, urefu uleule, upepo hakuna, mwanga ni mmoja. Ukikosea, kosa ni lako peke yako, na ndani ya dakika mbili unaweza kulirekebisha. Porini nafasi hiyo haipatikani.

Uwanja uliowafanya wengi waamini kwamba jambo hili linawezekana uko Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Ray Petro, fundi seremala wa kukarabati nyumba na mpenda baiskeli, aliufungua mwaka 2004 ndani ya jengo la viwanda lililokuwa limeachwa. Mpaka leo unajulikana kwa jina lake, Ray's. Ulianza mdogo, ukaongezwa chumba kwa chumba hadi ukapita futi za mraba 100,000, yaani takriban mita za mraba 9,300. Uwanja wa mpira wa vipimo vya kimataifa una kama mita za mraba 7,140, kwa hiyo fikiria uwanja wa mpira na ziada, wote umejaa mbao: matuta, madaraja membamba, kona zilizoinuliwa, kuta za kupanda, na njia ndefu inayozunguka jengo kwa ajili ya wale ambao hawataki kuruka kabisa. Baadaye kampuni ya baiskeli ya Trek iliununua.

Kwa nini Cleveland? Mji uko kando ya Ziwa Erie, na upepo unaovuka ziwa huumwagia theluji. Hata hivyo theluji yenyewe siyo adui mkubwa. Ardhi iliyoganda kabisa inaendesheka vizuri. Shida ni zile wiki ambazo usiku udongo unaganda na mchana unayeyuka juu huku chini bado ni barafu. Maji hayana pa kwenda, hivyo unapata tope la sentimita kadhaa lililokaa juu ya sakafu ngumu. Tairi moja ikipita inaacha mfereji, mfereji unaganda usiku, kesho mwingine anapita pembeni kuukwepa na kuipanua njia. Majira ya kuchipua yakifika, njia iliyochimbwa kwa jembe na watu wa kujitolea imeshaharibika. Ndiyo maana watunzaji wa njia huzifunga, na mwendeshaji mwenye adabu hapiti hata kama hakuna anayemwona. Anayeishi mahali penye masika ya kweli analijua jambo hili vizuri bila theluji yoyote: njia nyekundu ya udongo ukiikanyaga siku ya mvua, utailipia hadi kiangazi.

Sababu hazifanani kila mahali. Portland, Oregon, hakuna theluji nyingi, kuna mvua ya miezi. Pale uwanja uitwao The Lumberyard ulifunguliwa mwaka 2012 ndani ya jengo lililokuwa ukumbi wa mchezo wa boling. Markham, kaskazini ya Toronto, Kanada, Joyride 150 ilifunguliwa 2009 kwa ajili ya majira ya baridi yaliyo makali kuliko ya Ohio. Na Louisville, Kentucky, mwaka 2015 walifanya jambo ambalo bado linatushangaza: waliweka uwanja wa baiskeli chini ya ardhi, kama mita 30, ndani ya machimbo ya zamani ya chokaa. Ulikuwa na futi za mraba 320,000, na joto la humo chini halikutoka kwenye nyuzi 14 za Selsiasi, kiangazi na baridi. Matuta mengi ya Louisville yalikuwa ya udongo, si mbao, kwa sababu ndani ya pango mvua haifiki.

Turudi kwenye mbao, na kwenye hesabu ya majaribio. Chukua ruko moja la kawaida. Porini, ruko hilo liko mahali fulani kwenye mzunguko wa dakika arobaini. Ukitoka kwa saa mbili utalikuta mara tatu. Mara ya kwanza mwili haujapata moto, mara ya tatu miguu imechoka. Hilo hilo likiwa ndani, lina njia ya kurudia ya sekunde ishirini. Hata ukijumlisha foleni na kupumzika, ukiruka mara moja kila dakika mbili, saa mbili zinakupa majaribio sitini. Hapo ndipo mwili unapoanza kuelewa, kwa sababu hisia ya jaribio lililopita bado iko mikononi wakati unaanza lingine.

Na ruko ni kitu kinachodai usahihi kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ukaondoka kwenye mdomo wenye pembe ya nyuzi 35, utakaa hewani kama theluthi mbili za sekunde na kutua karibu mita 3 mbele, kama sehemu ya kutua iko usawa mmoja na mdomo. Punguza mwendo kwa asilimia 10 tu, uwe kilomita 18 kwa saa, na utatua kwenye mita 2.4. Umbali unafuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, ndiyo maana upungufu mdogo wa mwendo unazaa upungufu mkubwa wa safari. Hizo sentimita karibu 60 ndizo tofauti kati ya gurudumu la nyuma kuteleza vizuri kwenye mteremko na kugonga kona ya ubao. Porini huwezi kujua kama ulipungukiwa kwa sababu ya tope, upepo, au breki uliyoigusa bila kujua. Ndani, wasiwasi wote huo umeondolewa, umebaki wewe na breki yako.

Ngoja tuifungue rampu moja tuitazame kwa ndani, maana ukiielewa inavyojengwa utaelewa kwa nini inakurusha hivyo. Karatasi ya plaiwudi ni futi nane kwa nne, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Sasa chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 4. Funga kamba kwenye msumari, penseli mwisho wa kamba, uivute taratibu juu ya plaiwudi ya milimita 18. Kata mchirizo huo mpaka urefu wa kwenda juu ufike sentimita 72. Mdomo utaishia kwenye nyuzi 35, mguu wa rampu utachukua mita 2.3 sakafuni, na urefu wa mkunjo wenyewe utakuwa mita 2.44, sawasawa na karatasi moja ya plaiwudi. Mafundi hawatumii kipimo hicho kwa bahati, kinawaepusha na kiungo katikati ya mkunjo, mahali ambapo baiskeli inabonyeza kwa nguvu zote.

Kwa rampu yenye upana wa mita 2.44 unahitaji pande tatu zilizokatwa hivyo, mbili za nje na moja ya katikati. Pande hizo huunganishwa kwa mbao za mbili kwa nne zilizolala kila baada ya sentimita 20, kwa hiyo mbao kumi na tatu kuanzia mguuni hadi mdomoni. Juu yake usilaze plaiwudi ya milimita 18, itakataa kukunjika na ikikubali itavuta skurubu zote. Laza tabaka mbili za milimita 9. Mbili kwa kila tabaka, jumla karatasi nne, na hakikisha viungo vya tabaka la juu haviangukii juu ya viungo vya chini. Acha upenyo wa milimita 3 kati ya karatasi, kwa sababu mbao hunywa unyevu na kuvimba, na karatasi zilizobanana huinuka kwenye kiungo kama mgongo wa paka. Skurubu za milimita 50, vichwa vizame milimita 2 chini ya uso. Mguuni, pale ubao unapokutana na sakafu, pigilia bati nene la milimita 3, la sivyo ncha ya plaiwudi itaanza kuchanika ndani ya wiki mbili na kila tairi litakalopita litailamba zaidi.

Pembe ile ya mwisho ndiyo tabia ya rampu. Mdomo wa nyuzi 35 unakupeleka mbele kwa ulaini. Ukitumia nusu kipenyo cha mita 2.4 na kupanda mpaka mita 1.2, mdomo unafika nyuzi 60, na hapo hauruki tena mbele, unarushwa juu. Anayejifunza akikutana na mdomo wa namna hiyo kwa mazoea ya mdomo mpole, atatua kwa kishindo juu ya sakafu iliyo kati ya mdomo na mteremko wa kutua. Kabla ya kupanda rampu usiyoijua, simama kando yake uitazame kwa ubavu, uone mkunjo unaishia wapi. Sekunde kumi tu, na zimeokoa mitulinga mingi.

Uwanja ulio hai una fundi anayezunguka kila asubuhi na bisibisi ya betri na ufagio. Ufagio una kazi kubwa kuliko bisibisi. Mbao zinashika tairi vizuri mno zikiwa safi, lakini vumbi laini linalotoka kwenye viatu na kwenye mbao zenyewe hukaa kwenye kona zilizoinuliwa kama unga, na tairi hupoteza mshiko bila onyo. Maji ni mabaya zaidi. Theluji iliyonasa kwenye meno ya tairi ikiyeyuka kwenye ubao uliosuguliwa mwaka mzima, hapo pana utelezi wa sabuni. Ndiyo sababu mlangoni utaambiwa ufute tairi kwa kitambaa kikavu, na usikasirike. Ukiona paa linavuja juu ya rampu, waambie wahudumu mara moja, kwa sababu plaiwudi iliyolowa huanza kuachana tabaka kwa tabaka, na huwezi kuona kwa macho mpaka gurudumu la mbele litumbukie.

Sasa baiskeli. Wenye uzoefu huja na baiskeli za kurukia, zenye fremu ngumu bila shokapu ya nyuma, magurudumu ya inchi 26, foku (uma wa mbele wenye shokapu unaoshika gurudumu) yenye safari ya milimita 100, yaani kiasi inachoweza kuzama, gia moja, na mara nyingi breki ya nyuma tu. Nyingine ni BMX, baiskeli ndogo za mbio fupi na michezo ya kuruka. Lakini baiskeli yako ya milimani ya kila siku inaingia na inafaa, mradi uibadilishe, na mabadiliko hayo ndiyo watu wengi wanayapuuza wakaishia kusema uwanja ni mgumu.

Anza na upepo wa matairi. Kama porini unajaza psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 22 hadi 26, humu ndani panda hadi 35 au 40. Baiskeli ya kurukia yenye tairi laini huchukua 50 hadi 60. Soma kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kwenye ringi, usikivuke. Tairi lenye upepo kidogo hujipinda ndani ya kona iliyoinuliwa, unahisi baiskeli inayumba chini yako, na kila tuta linakunyonya mwendo kidogo kidogo. Meno marefu ya tairi nayo huinama juu ya ubao. Kama una tairi la pili lenye meno mafupi yaliyokaribiana, hili ndilo kazi yake.

Halafu foku. Porini watu wengi huiacha izame asilimia 25 ya safari yake chini ya uzito wao. Kwa foku ya milimita 140 hiyo ni milimita 35. Ndani tunashauri asilimia 15, yaani milimita 21. Jinsi ya kupima: valia kila kitu utakachoendeshea, egemea ukuta kwa bega, simama juu ya pedeli magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, usikalie siti. Mwombe mtu asogeze chini ule mpira mdogo wa duara kwenye mguu wa foku mpaka uguse bomba la chini, kisha shuka polepole bila kubonyeza. Pima umbali mpira uliposimama. Imezama zaidi ya 21, ongeza psi 5 kwa pampu ya foku, rudia. Foku laini hufanya jambo moja baya sana kwenye mdomo wa rampu: inameza ile nguvu ambayo rampu ilikuwa inakupa. Unafika na mwendo sahihi, unapaa nusu tu ya kimo ulichotarajia, unashangaa. Kama foku ina kirekebisho cha kasi ya kurudi, kizungushe mibofyo miwili kuelekea upande wa polepole, kwa sababu foku ngumu inayorudi haraka hupiga mikono pale pale unapoondoka hewani. Andika namba zako za porini kwenye simu kabla hujagusa chochote.

Siti ishushwe mpaka chini. Ncha za usukani lazima ziwe na vizibo. Bomba tupu la usukani ukiliangukia hukata nyama duara kamili, na uwanja wowote unaojiheshimu utakurudisha mlangoni kwa kosa hilo. Pedeli za plastiki zinafaa kuliko za chuma zenye meno, kwa ajili ya mbao na kwa ajili ya miundi yako. Vaa kofia ngumu inayokaa vizuri, pedi za magoti, na pedi za ugoko kama una pedeli za chuma. Koti zito acha garini: majengo haya hayapashwi joto sana, lakini baada ya dakika kumi utakuwa unavuja jasho.

Ukishaingia, usiende kwenye maruko. Nenda kwenye njia ya matuta, ile wanayoiita pampu-traki, na ukae hapo robo saa hata kama umeendesha miaka kumi. Ni mzunguko wa matuta ya kama sentimita 30 kwenda juu, kilele hadi kilele mita 3 hivi, ukiunganishwa na kona zilizoinuliwa, na lengo ni kuuzunguka bila kukanyaga pedeli hata mara moja. Mwendo unatoka kwenye mwili. Gurudumu linapopanda tuta, kunja mikono na magoti uiache baiskeli ije kwako. Linaposhuka upande wa pili kuelekea bondeni, nyoosha mikono halafu miguu, ukiisukuma baiskeli chini. Kosa la karibu kila mgeni ni kusukuma kileleni. Kileleni hakuna cha kusukumia, ardhi inakukimbia, hivyo baiskeli inapaa kidogo na kutua upande unaopanda wa tuta linalofuata, na mwendo unakufa. Kosa la pili ni kufanya kila kitu kwa mikono. Mabega yakianza kuuma kabla ya mapaja, ujue miguu haifanyi kazi. Ustadi huu haudai paa wala mbao: wilayani Bugesera, Rwanda, kuna njia ya matuta ya lami kwenye kituo kiitwacho Field of Dreams, na mtoto aliyeishika hapo angeweza kuingia Cleveland asubuhi na kuizunguka ya mbao bila kufundishwa.

Kwenye madaraja membamba, anza na ubao wa sentimita 30 uliolala karibu na sakafu. Baadaye 15, baadaye 10. Weka gia ya kati, zungusha pedeli bila kukatisha, na uburute breki ya nyuma kwa kidole kimoja ili mnyororo uwe umekazika wakati wote, maana baiskeli iliyo huru kwenye mnyororo huyumba. Macho yatazame mita 3 au 4 mbele. Ukilitazama gurudumu la mbele litaenda kushoto, mikono italirudisha kulia kupita kiasi, na utakuwa umemaliza. Ukihisi unaanguka, toa mguu upande ulio wazi na uiache baiskeli ianguke peke yake. Wanaoumia hapa karibu wote ni wale walioing'ang'ania.

Maruko yana utaratibu wake. Ya kwanza yawe meza, yaani mdomo na mteremko wa kutua vimeunganishwa kwa sakafu ya juu, ili ukipungukiwa ubaki juu ya ubao. Usikubali kuanza na pengo, yaani ruko lisilo na sakafu katikati, kwa sababu tu rafiki yako amelipita. Ingia bila kukanyaga pedeli mita chache za mwisho, pedeli zikiwa usawa mmoja, magoti na viwiko vimekunjwa. Mkunjo wa rampu utakubonyeza chini wenyewe. Uitikie kwa kunyooka: miguu inasukuma ubao, mwili unasimama mrefu unapofika mdomoni. Ukishakuwa hewani, sukuma usukani mbele kidogo ili gurudumu la mbele lishuke na kuufuata mteremko. Mtu anayepanda rampu amekakamaa, bila kunyooka wala kukunja, hurushwa na gurudumu la nyuma kama mzigo, mwili unaenda mbele, gurudumu la mbele linachungulia chini. Kosa hilo lina sura moja ambayo utaiona toka mbali: mikono imenyooka, miguu imenyooka, mtu ametulia kabisa hewani. Dawa yake si kujikaza zaidi. Rudi kwenye matuta, ufanye kunja na nyoosha mpaka iwe mazoea, kisha urudi kwenye meza ndogo kabisa iliyopo.

Shimo la sponji linavutia watoto na watu wazima vilevile. Ni shimo lililojazwa vipande vya sponji, ambapo unaruka na kutua vyovyote vile. Lina faida kwa kitu kimoja: kuujulisha mwili mzunguko mpya hewani. Lakini linadanganya kuhusu kutua, kwa kuwa kila kutua kunaonekana kuzuri. Pia kutoka humo na baiskeli kunachukua dakika tatu za kuchosha, na vipande vikinasa kwenye spoku na mnyororo inabidi uvitoe kimoja kimoja. Hatua inayofuata, ambayo wengi huiruka kwa makosa, ni sehemu ya kutua iliyolazwa sponji chini na karatasi ngumu ya plastiki juu. Pale baiskeli inabingirika ukitua vizuri, na unateleza badala ya kuvunjika ukitua vibaya. Mara kumi mfululizo hapo bila kuanguka, ndipo uende kwenye ubao.

Adabu ni fupi. Mmoja mmoja. Kabla ya kuanza, angalia kama aliyetangulia ameondoka kwenye njia, kisha sema kwa sauti kwamba unaingia. Usisimame kwenye mteremko wa kutua, hata kufunga kamba ya kiatu. Ukianguka, utoke wewe kwanza, baiskeli baadaye. Watoto hufuata njia zao bila kutazama, basi wewe ndiye utazame. Na nusu saa ya mwisho kabla ya kufunga ondoka kwenye maruko makubwa, rudi kwenye njia ndefu ya kuzunguka jengo. Mapaja yaliyochoka hayanyooki kwa wakati mdomoni, na maumivu mengi ya kifundo cha mkono yanatokea kwenye lile ruko watu wanaloliita la mwisho.

Kuna mambo uwanja wa ndani hautakufundisha, na ni haki kuyataja. Hautakufundisha kufunga breki kwenye kokoto, kwa kuwa kwenye ubao breki inashika papo hapo. Hakuna mizizi iliyolowa, hakuna kuchagua mstari katikati ya mawe, hakuna mlima wa dakika thelathini unaokupokonya pumzi. Mwendeshaji aliyelelewa ndani peke yake anaruka vizuri kuliko rafiki zake na kuanguka kwenye kona ya kwanza ya udongo uliolegea, kwa sababu amezoea kulalia kona bila kujiuliza kama tairi litashika.

Na viwanja hivi havijengwi kwa urahisi. Paa kubwa lina kodi ya miezi kumi na miwili, wateja wanakuja miezi sita au saba. Jua likitoka, kila mtu anakwenda msituni, ikiwa ni pamoja na wafanyakazi. Ray's ilifungua tawi Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mwaka 2010 na halikudumu. The Lumberyard imefungwa. Matuta ya Louisville nayo yamefungwa. Kwa hiyo kama unaishi Ohio, Ontario au popote penye uwanja wa namna hii, nunua kiingilio cha msimu badala ya cha siku ukiweza, na uende pia jioni za katikati ya wiki. Foleni ni fupi, majaribio ni mengi, na kwa mwenye uwanja mapato ya Jumanne ndiyo yanayolipa umeme.

Siku njia za nje zinapokauka, kabla hujatoka, fungua zile namba ulizoandika kwenye simu. Rudisha foku kwenye milimita 35, punguza upepo hadi 24, rudisha mibofyo miwili, badilisha tairi. Kagua mnyororo na spoku, maana vumbi la mbao likichanganyika na oili hugeuka ugoro mgumu kwenye meno ya gia, na usipousugua kwa brashi na mafuta ya taa utatafuna mnyororo mpya ndani ya mwezi. Kisha, kwenye mzunguko wa kwanza, funga breki mapema mara mbili ya ulivyozoea.